Pikipiki zilizoijenga India barabarani: Bullet, Rajdoot, RX100, Splendor, mpaka Boxer yetu

#1 Mwanagenzi wa Pune

Wakuu, salaam.

Kila pikipiki za India zikitajwa humu, mjadala huanzia Boxer na kuishia TVS, kana kwamba wenzetu walianza kuunda pikipiki siku bodaboda zilipojaa Kariakoo. Mimi nimesoma Pune, mji wenye makao makuu ya Bajaj, nikakaa sana na mafundi wa mitaani kule, na habari hii naipenda mno. Nitaileta kwa vipande. Mwenye swali aulize, anayejua zaidi aongezee.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane: pikipiki iliyobadilisha maisha ya Mhindi wa kawaida ni Hero Honda, ubia wa Hero ya India na Honda ya Japani, kwanza CD100, kisha Splendor. Bullet ina heshima yake na RX100 ina wapenzi wake, ila kazi ya kumshusha mtu kwenye baiskeli akapanda pikipiki ilifanywa na hawa wapole.

Lakini lazima tuanze na Bullet, maana ndiyo mzee wa ukoo.

Royal Enfield ilikuwa kampuni ya Waingereza, ya mji wa Redditch, na pikipiki yake ya kwanza ilitoka 1901. Jina la Bullet lilikuja 1932. India ilipopata uhuru 1947, jeshi lake likawa na mpaka mrefu wa kulinda upande wa Pakistan, kwenye mchanga na kwenye milima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likaichagua Bullet ya 350cc. Serikali ya wakati ule haikutaka kuagiza kila kitu kutoka nje, kwa hiyo 1955 Waingereza wakaungana na Madras Motors, ikazaliwa Enfield India, kiwanda kikajengwa Tiruvottiyur, Madras, mji unaoitwa Chennai leo. Walianza kwa kuunganisha vipande vilivyokuja na meli, baadaye wakawa wanatengeneza vipuri wenyewe.

Huko Uingereza biashara ikaporomoka. Kufikia 1970 kampuni mama ilikuwa imekufa. Ya Madras ikaendelea kutoa Bullet ileile, na 1977 ikaanza kuwauzia Waingereza wenyewe.

Sasa niwaeleze namna ya kuiwasha Bullet ya zamani, kwa sababu humo ndimo tabia yake ilipo. Unafungua swichi, unatazama amita, yaani kipima umeme, iliyo juu ya taa ya mbele. Unasukuma kiki taratibu mpaka sindano ya amita irudi katikati, ndiyo dalili kwamba pistoni imekaribia kufika juu. Unabana kishikio kidogo cha kuachia mgandamizo, unaisogeza kiki kidogo tu, unaachia kishikio, unairudisha kiki juu, halafu unaikanyaga mara moja kwa uzito wa mwili wote. Ukienda kwa pupa, kiki inarusha mguu kwa nguvu ya kuweza kumvunja mtu kifundo. Gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko kushoto. Gia ya kwanza unainua, zilizobaki unakanyaga. Nyuma ya pedali ya gia kuna kikanyagio kingine kidogo kwa ajili ya kutafuta nyutro tu, kwa sababu gia zenyewe hazikuwa na utii.

Mashine kama hiyo haiazimishwi ovyo. Baba alimfundisha mwanawe, mwana akairithi, na fundi wa Bullet akawa mtu wa kuheshimika mtaani kwake. Aliipanda askari, aliipanda polisi, aliipanda mwenye shamba la ngano wa Punjab, na mlio wake ulitosha kutangaza kwamba mkubwa fulani anakuja.

Heshima hiyo imefika mbali. Barabara ya kutoka Pali kwenda Jodhpur, jimbo la Rajasthan, pana hekalu la Om Banna. Ni kijana aliyekufa kwa ajali mahali pale mwaka 1988 akiwa na Bullet yake. Wenyeji wanasimulia kwamba polisi waliipeleka pikipiki kituoni, asubuhi ikakutwa imerudi kwenye mti wa ajali. Wakamwaga mafuta yote na kuifunga mnyororo, ikarudi tena. Leo imewekwa ndani ya kioo, imevishwa maua, na madereva wanasimama kuomba safari njema kabla ya kuendelea.

Nitaendelea na miaka ya foleni.

#2 Kiki Moja

Mkuu, asante kwa madini, naweka kambi hapa.

Mimi ni fundi, nina swali. Nilisikia kwa mzee mmoja wa Kihindi Moshi kwamba kuna Bullet iliyotumia dizeli. Mimi nikakataa, pikipiki ya dizeli naijua kwa hadithi tu. Ni kweli hiyo?

#3 Mwanagenzi wa Pune

Kiki Moja, mzee amesema kweli, kaka. Jina lake lilikuwa Taurus. Walichukua fremu ya Bullet wakaifunga injini ya Greaves Lombardini ya 325cc, aina ileile iliyokuwa inaendesha pampu za maji mashambani. Nguvu yake ilikuwa kama hp (nguvu farasi) 6.5, na ikikimbia sana ilifika kilomita 65 hivi kwa saa huku inamtetemesha mpandaji mpaka meno. Lakini lita moja ya dizeli ilimpeleka mkulima kilomita 70 na zaidi, na dizeli kule ilikuwa na bei nafuu kuliko petroli. Iliuzwa miaka ya 1980 na 1990, kisha kanuni za moshi zikaimaliza. Duniani ni nadra mno kupata pikipiki ya dizeli iliyouzwa kwa raia kwa wingi kiasi kile.

Na kule Gujarat, upande wa Saurashtra, mafundi walikata Bullet katikati: mbele ikabaki usukani, tanki na gurudumu, nyuma wakaunga bodi ya mbao na chuma yenye magurudumu mawili. Wanaiita chhakda. Inabeba pamba, karanga, mbuzi na watu kumi na kitu kwa pamoja. Kwa hiyo bajaji zilipofika kwetu, wenzetu walikuwa wameshazoea kitambo kubeba abiria kwa injini ya pikipiki.

Tuendelee. Miaka ya foleni.

Tangu uhuru mpaka miaka ya 1980, kiwanda cha India hakikuweza kuongeza uzalishaji bila kibali cha serikali. Idadi unayoruhusiwa kutoa kwa mwaka imeandikwa kwenye leseni, ukizidisha ni kosa. Matokeo yake ni foleni. Skuta ya Bajaj Chetak, iliyoanza 1972 na kupewa jina la farasi wa Maharana Pratap, mfalme wa zamani wa Rajasthan, ilisubiriwa miaka kadhaa, wengine wakifika kumi. Mtu anaandikisha jina akiwa kijana anayeanza kazi, skuta inatoka ana watoto shuleni. Wazazi waliandikisha mapema ili iwe mahari ya binti, maana kule upande wa binti ndio hutoa. Baba mbele, mtoto amesimama kati ya mikono yake, mama nyuma amekaa upande na mwingine mapajani: picha hiyo ya familia juu ya skuta moja ilizaliwa miaka hiyo.

Kwenye pikipiki, ukiacha Bullet, uchaguzi ulikuwa mdogo. Jawa ilitoka Chekoslovakia, ikaundwa Mysore kuanzia 1961 na kampuni ya Ideal Jawa, baadaye ikabadilishwa jina kuwa Yezdi. Ilikuwa stroku mbili, injini inayochoma oili pamoja na petroli, ya 250cc, ekzosi mbili, na kitu ambacho kilinifurahisha nilipokiona kwa macho: pedali ya gia ndiyo hiyohiyo kiki. Unaibonyeza kwa ndani, unaizungusha juu, unapiga kiki, halafu inarudi kuwa gia.

Na kulikuwa na Rajdoot 175, ya kampuni ya Escorts, yenye asili ya pikipiki ya Kipolandi, SHL M11. Hii ndiyo pikipiki ya muuza maziwa. Kaskazini yote ya India, alfajiri, utamwona mtu na Rajdoot, madumu ya shaba au bati yamening'inia pande zote mbili, fremu imelemewa na injini haina habari. Haikuwa na mwendo wala sura, lakini ilikubali mzigo, na ikiharibika fundi wa baiskeli aliweza kuigusa. Mnaosema pikipiki ya mizigo ni jambo la bodaboda, hapo ndipo mizizi yake ilipo kwa upande wa India.

Escorts walijaribu kuruka mbali pia. Mwaka 1983 wakatoa Rajdoot 350, kwa undani ni Yamaha RD350, silinda mbili, nguvu kama hp 30. Kwa nchi iliyozoea hp 7 au 8 ule ulikuwa moto wa kuotea mbali. Ikanywa mafuta vibaya, vipuri vikawa ghali, kufikia mwisho wa muongo ikaondoka sokoni. Leo wenye nazo wanazificha kama dhahabu, ila wakati ule mwenye mshahara wa kawaida aliitazama tu ikipita.

#4 Simba Mlima

Mkuu Mwanagenzi, uzi mzuri ila kwenye msimamo wako tutapishana.

Splendor ni chombo cha kwenda kazini. Utamaduni wa kuendesha ninavyouelewa mimi ni pale mtu anapopanda pikipiki bila kutumwa na mtu, kwa sababu anataka barabara. Kwa India huo umeletwa na Bullet. Nimeishi Delhi kikazi, na kila ikifika Juni nawaona wenzangu wa ofisini wanafunga mizigo kwenda Ladakh, milimani kaskazini kabisa mwa India. Wanatoka Manali, wanapita Rohtang, Baralacha La, Tanglang La, mpaka Leh. Njia hiyo inafunguka majira ya joto tu, kabla ya hapo ni theluji. Kisha wanapanda Khardung La. Bango la pale juu kwa miaka lilisema mita 5,602; vipimo vya kisasa vinasema kama 5,359. Kwa vyovyote ni chini ya kilele cha Kibo kwa mita mia chache tu, na mtu yuko juu ya pikipiki.

Hewa kule ni nyembamba, kabureta inatapatapa, unapanda kwa gia ya kwanza na klachi inanukia. Lakini Bullet inafika. Kijiji chochote njiani kina mtu anayejua kuifungua. Waendeshaji wana vilabu, wana nyimbo, wanasaidiana njiani bila kujuana. Nani amewahi kuanzisha klabu ya Splendor?

#5 Mwanagenzi wa Pune

Simba Mlima, hoja yako ina uzito na umeieleza vizuri, mkuu. Kuna kitu cha kuongeza kwenye hesabu: hiyo Bullet ya safari za Ladakh ilikaribia kufa. Eicher, kampuni ya India ya matrekta na malori, waliichukua 1994, hali ikawa mbaya, na kufikia 2000 ndani ya kampuni yenyewe walijadili kuifunga au kuiuza. Siddhartha Lal, mtoto wa mkuu wa Eicher, akapewa aisimamie akiwa na miaka 26. Wakaleta injini mpya isiyovuja oili, gia zikahamia kushoto kama za wengine, na 2009 ikatoka Classic 350 yenye sura ya kale na matumbo mapya. Hapo ndipo vijana wa ofisini walipoingia kwa wingi. Utamaduni unaousema wewe ni wa watu waliokwisha kushiba kidogo, wenye likizo na akiba. Nauheshimu. Ila aliyewapa wazazi wao uwezo wa kushiba ni nani? Njoo 1985.

Wajapani wanaingia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti, ikaruhusu kampuni za kigeni kuungana na za wenyeji kwa pikipiki ndogo, kama 100cc. Ndani ya miaka miwili mitatu zikafika zote: Ind-Suzuki AX100 kupitia TVS mwaka 1984, Hero Honda CD100 na Yamaha RX100 mwaka 1985, na Kawasaki Bajaj KB100 mwaka 1986. Tatu kati ya hizo nne zilikuwa stroku mbili. Ya Hero Honda peke yake ilikuwa stroku nne.

Hero walikuwa watu wa baiskeli. Ndugu wa familia ya Munjal walianzia Ludhiana, Punjab, na kufikia 1986 Hero Cycles ilitambuliwa kuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza baiskeli. Maana yake walikuwa na wauzaji mpaka vijijini kabisa. Yule mwenye duka la baiskeli aliyemuuzia baba baiskeli ndiye aliyemuuzia mwana CD100. Hakukuwa na haja ya kujenga imani upya.

Na pikipiki yenyewe! 97.2cc, silinda imelala mbele, ukoo mmoja na injini ya Honda Super Cub ya 1958. Nguvu kidogo, kelele hakuna. Waliitangaza kwa kilomita 80 kwa lita na kwa maneno matatu ambayo kila Mhindi wa rika hilo anayajua: jaza, funga, sahau. Mtu aliyezoea kuchanganya petroli na oili kila akijaza tanki, kusafisha plagi iliyojaa masizi na kutembea na plagi ya akiba mfukoni, aliambiwa asahau. Na kweli akasahau.

Mwaka 1994 ikaja Splendor, injini ya jamaa yuleyule, sura nzuri zaidi. Kuanzia hapo walimu, makarani, mafundi bomba, wauza dawa, watu wa posta, wote wakawa juu yake. Mwaka 2001 Hero Honda ikawa kampuni inayouza pikipiki nyingi kuliko zote duniani. Nimemwona fundi mmoja pale Pune, mtaa wa Kothrud, akifungua kichwa cha silinda ya Splendor kando ya barabara, juu ya gazeti. Bolti alizipanga kwenye kifuniko cha mkebe kwa mpangilio ule zilivyotoka, akabadilisha gasketi, akapima nafasi ya valvu kwa kipande chembamba cha bati, na mwenye pikipiki alikuwa bado anasubiri kwenye stuli na glasi ya chai. Klabu hawana. Wao ni wengi kiasi kwamba nchi nzima ndiyo klabu yao.

#6 Kiki Moja

Hapo kwa stroku mbili umepita haraka, mkuu. Sisi tuliokulia kwenye gereji tunaijua RX100. Mzee wangu alikuwa nayo moja, iliyoletwa na mfanyabiashara wa Kihindi. Ukifungua mafuta gia ya pili, gurudumu la mbele linakuwa jepesi mkononi. Na mlio wake ukikaribia kona unamjua anayekuja kabla hujamwona. Iseme vizuri.

#7 Mwanagenzi wa Pune

Kaka, nakupa haki yako. RX100: 98cc, hp 11, uzito kama kilo 103. CD100 ilikuwa na hp 7 na ushee. Kwa karatasi tofauti ni ndogo, barabarani ni mbingu na ardhi, kwa sababu injini ya stroku mbili inalipuka kila pistoni inapopanda na ile pikipiki haina unene wa kubeba. Ilikuwa na pampu yake ya oili, hivyo hukuhitaji kuchanganya kwenye tanki. Vijana wa vyuo waliipenda, wa mashindano waliipenda, na husemwa kwamba wakwapuzi wa mikufu waliipenda vilevile. Ilikoma 1996 sheria za moshi zilipokaza. RX135 ikafuata, lakini kuanzia viwango vya moshi vya mwaka 2000 stroku mbili ikawa inahesabu siku. Hata leo RX100 iliyotunzwa inaweza kuuzwa kwa bei ya pikipiki mpya, na kuna mafundi India wanaoishi kwa kuifufua hiyo tu.

RX100 iliwafundisha vijana wa India kwamba pikipiki inaweza kuwa raha. Hilo silipingi kabisa.

#8 Binti Pangani

Kaka zangu, nimesoma yote na sijaona mwanamke akiendesha, naona amekaa upande tu nyuma. Kule wanawake hawakuendesha?

#9 Mwanagenzi wa Pune

Dada, swali zuri sana, na jibu lake limo kwenye vyombo vyenyewe.

Kwanza hilo la kukaa upande. Mwanamke wa sari hawezi kupanua miguu kirahisi, kwa hiyo pikipiki za India zinawekewa kinga ya chuma kando ya gurudumu la nyuma ili nguo isiingie kwenye spoku. Ni sheria: kanuni za magari za 1989 zinadai mshikio wa abiria, pa kukanyagia, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma. Watu wamekufa kwa sari na mitandio kuvutwa na cheni, ndiyo sababu. Mama zetu na kanga zao wanakaa vilevile kwenye bodaboda, na ningependa kuona kinga kama hiyo inalazimishwa huku pia.

Kuendesha kulianza na vyombo vidogo. Luna, ya kampuni ya Kinetic, ilitoka 1972, 50cc yenye pedali kama baiskeli. Kisha Honda walipokuja kutafuta washirika, Kinetic wakachukua skuta na Hero wakachukua pikipiki. Kinetic Honda ya miaka ya 1980 haikuwa na klachi wala gia, unabonyeza kitufe inawaka. TVS Scooty ikafuata miaka ya 1990, ikitangazwa kwa wasichana moja kwa moja. Halafu Honda Activa, 2001. Hiyo ndiyo iliyofungua mlango kabisa: mwalimu, nesi, mwanafunzi, bibi wa miaka 60, wote wanaipanda. Ilifika mahali Activa ikaishinda hata Splendor kwa mauzo. Pune nilipokaa, asubuhi wasichana juu ya skuta walikuwa wengi sana, nyuso zimefungwa mitandio kwa ajili ya vumbi na jua, macho tu yanaonekana.

#10 Dereva wa Buguruni

Boss, mimi niko kijiweni, nina Boxer mwaka wa nne sasa. Nataka kujua vitu viwili. Wao wana bodaboda? Na hii Boxer wao wenyewe wanaipanda?

#11 Mwanagenzi wa Pune

Kamanda, pole na kazi.

Bodaboda wanazo, ila si kila mahali. Goa wana waendeshaji wenye leseni tangu miaka ya 1980, wanaitwa pilot, madigadi yao ya mbele yamepakwa rangi ya njano ili abiria awajue. Delhi ya kale ilikuwa na phat-phati, pikipiki za Harley-Davidson zilizobaki baada ya Vita vya Pili, zikaungwa bodi ya abiria nyuma, zikapiga kazi mpaka miaka ya 1990. Siku hizi kuna programu za simu, Rapido walianza Bengaluru 2015, na majimbo kadhaa yamekuwa yakivutana nao kuhusu vibali.

Kuhusu Boxer, jibu litakushangaza: kwao karibu imesahaulika.

Bajaj walikuwa watu wa skuta. Miaka ya 1990 wateja wakahamia pikipiki, Chetak ikaanza kukosa wanunuzi, kampuni ikalazimika kujifunza upya. Kwa msaada wa Kawasaki wakatoa pikipiki ndogo za stroku nne, Boxer ikiwa mojawapo, na kwenye tanki iliandikwa Kawasaki Bajaj. Mwaka 2001 wakatoa Pulsar, 150 na 180cc, kutoka kiwanda cha Chakan jirani na Pune. Pulsar ni jambo kubwa: ilimwambia kijana kwamba anaweza kupata nguvu na bado asifilisike kwa mafuta. Mwaka 2003 wakaiwekea plagi mbili kwenye silinda moja ili mafuta yaungue vizuri. Ilichukua nafasi iliyoachwa wazi na RX100.

Boxer ya kwao ilipisha CT100 mwaka 2004 na jina likafia huko. Lakini nje liliendelea, na Afrika ikalikumbatia, Nigeria ikawa soko kubwa mno. Mwaka 2011 Bajaj wakaamua kuirudisha India Boxer 150, ile ya 144.8cc, yenye siti ndefu na shokapu ngumu, wakiwalenga watu wa vijijini. Haikuuzika, wakaiondoa. Mwanakijiji wa India alikuwa ameshafunzwa na CD100 kwamba 100cc inatosha, na hakuona kwa nini alipie mafuta ya 150.

Kwetu hesabu ni nyingine. Wewe unabeba watu wawili na gunia, unapanda mlima wa Goba, siku nzima huzimi. Injini yenye kuvuta inakulipa. Kwa hiyo pikipiki iliyoshindwa kwao ilishika kwetu kwa sababu kazi tunayoipa ni ile ya Rajdoot na madumu ya maziwa. Ukitazama Boxer yako, siti ndefu, karia ya nyuma, kabureta moja, injini inayopozwa na upepo, fundi yeyote anaifungua: mafunzo ya miaka 50 ya barabara za India yamo mle, ila yamepangwa upya kwa ajili ya mteja ambaye si Mhindi.

#12 Jirani wa Busia

Nasoma kutoka upande wa Kenya. Naongezea kidogo. Boda zilianza hapa kwetu mpakani kwa baiskeli miaka ya 1960, watu wakivushwa kati ya Busia ya Kenya na ya Uganda. Pikipiki zilikuja kujaa baadaye, na kwa Kenya kilichochochea sana ni serikali kuondoa VAT kwa pikipiki chini ya 250cc mwaka 2008. Kwa hivyo nakubaliana na mwenye uzi kuhusu sheria: ushuru ukitoka, kijiji kizima kinabadilika ndani ya miaka mitatu. Hata sisi hakuna aliyechagua Boxer kwa sura.

#13 Mwanagenzi wa Pune

Ndugu Jirani, ahsante sana, umegusa penyewe. India ilikuwa leseni, kwenu VAT, kwetu kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki za 2010 zilizoitoa bodaboda kwenye uvungu. Mhandisi anachora, ila mwenye kufungua geti ni mwenye kuandika sheria.

Simba Mlima, sijakusahau. Mwaka wa fedha 2018/19 India ilinunua zaidi ya pikipiki na skuta milioni 21. Royal Enfield ni sehemu ndogo ya hizo. Siipunguzii Bullet heshima, na Khardung La nitaipanda kwa Bullet Mungu akijalia, ila nikiulizwa ni ipi iliyoijenga India barabarani bado nasema Splendor.

Kipande cha mwisho. Jina la Chetak limerudi: Januari 2020 Bajaj walianza kuiuza tena, safari hii ya umeme, bodi ya chuma kama ya zamani. TVS wana iQube tangu mwaka huohuo, na Ola wameingia 2021. Serikali imeweka ruzuku, kisha ikaanza kuipunguza, na mauzo yanapanda na kushuka kufuata ruzuku hiyo. Swali linalonikalia ni la fundi. Betri na kompyuta yake haviwezi kufunguliwa juu ya gazeti kando ya barabara, na hakuna pikipiki iliyowahi kutawala India bila fundi wa mtaani kuimudu.

Mliopo Dar, Nairobi, Kampala na Kigali mnaoendesha za umeme kibiashara, leteni hesabu zenu: betri moja inakupa kilomita ngapi ukiwa na abiria, kubadilisha betri unalipa shilingi ngapi, na ikigoma njiani nani anaigusa. Kiki Moja, wewe hasa, umeshaletewa hata moja gereji?

#14 Kiki Moja

Nimeletewa mbili, mkuu. Moja tatizo lilikuwa breki na beringi za gurudumu, nikamaliza kazi yangu kama kawaida. Ya pili haikuwaka kabisa. Nikaangalia nyaya zinazoonekana, fyuzi na swichi ya stendi, vyote vizima. Nilipofika kwenye boksi la betri nikakuta limefungwa kwa rivet na muhuri wa waliomkopesha, mwenyewe akasema akilifungua anapoteza mkataba. Ikabidi wapigiwe simu waje kuichukua, kijana akakaa bila kazi mpaka walipokuja. Nimeanza kusoma mambo ya umeme wa betri jioni na kijana mmoja wa VETA. Nikipata cha kueleweka nitakileta hapa.